Zamu za Jini

Mwaka wa hamsini na saba, mwaka wa uchaguzi ule wa mwanzo, wanaume wa mtaa wetu wa Mkunazini hawakuwa na muda hata wa kula. Kutwa wako barazani wanabishana nani apewe kura na nani ni mjinga, na kila mmoja anayajua mambo ya Uingereza kuliko Mwingereza mwenyewe. Katika wajuzi hao alikuwamo Masoud, karani wa ghala la karafuu, ambaye alikuwa na mke mmoja wa halali na akakubali kugawana mke huyo na jini. Jumatatu na Alkhamisi ni zamu ya jini, siku zilizobaki ni zake. Nimeona mengi katika umri wangu, lakini mwanamume aliyepanga zamu na jini, kama wanavyopangiwa zamu wake wenza, nilimwona huyo tu.

Mimi naitwa Wanu. Kazi yangu ni ukungwi. Naletewa mwari kabla ya harusi, nakaa naye ndani siku saba, namfunza kukaa na mume, kujitunza na kutunza nyumba, na tangu siku hiyo ananiita somo. Mwari akifanya vizuri kwa mumewe husifiwa mama yake aliyemzaa. Akivuruga, natukanwa mimi. Ndivyo ilivyo, na nilikuwa sijapata kutukanwa mpaka aliponijia Sichana.

Sichana aliletwa kutoka Tumbatu, yatima wa mama, mtoto wa jamaa zangu wa mbali. Alikuwa na akili na alikuwa mcheshi, neno dogo tu linamtosha kucheka. Ila alilala. Namweleza jambo, analala. Namsinga kwa liwa, analala. Mchana kweupe, usiku amelala wa kutosha, nageuka kuchukua kawa nikirudi kichwa kimeshainama. Nikamfinya. Nilimfinya mapajani mpaka ngozi ikavilia damu, yeye akalia, akaniomba radhi, na kabla machozi hayajakauka akalala tena. Siku ya harusi nilimshika mkono nikampeleka kwa mama mkwe wake, Bi Mwanakheir, nikamwambia namkabidhi mwari asiye na dosari. Niliyasema hayo macho makavu.

Bi Mwanakheir ni mwanamke wa kuangalia vyungu vya watu. Akiingia kwako kukupa pole ya msiba, jicho lake liko jikoni. Mwezi haukwisha akanijia barazani kwangu, buibui limempanda bega moja kwa hasira.

"Bi Wanu, mwanangu umemwozesha gogo," akasema. "Nimemkuta kalala na kijiko cha mchuzi mkononi. Kijiko mkononi, bibi! Mchuzi unamtiririka mpaka kiwikoni."

Nikamwambia labda ana mimba. Kwa bahati ilikuwa kweli, na jibu hilo likatupa nafasi ya kupumua miezi kadhaa. Akazaliwa mtoto wa kike, wakamwita Mize. Mimba ikaisha, arubaini ikaisha, na usingizi ukabaki pale pale.

Kisha akafa Mzee Silima, ami yake Masoud, na siku ya tatu ya matanga mambo yakawa hadharani. Familia ile ina mtani wao, Simai, mtu mzima asiye na haya hata chembe. Simai akaivaa kofia ya marehemu, akashika bakora ya marehemu, akapita kwa wanawake akikohoa kikohozi kile kile cha Mzee Silima na kuuliza nani kamwibia tumbaku yake. Watani ndiyo kazi yao msibani. Wanawake wakacheka huku wanafuta machozi, na Sichana, aliyekuwa amesimama na sinia ya vikombe, akacheka kuliko wote. Taya likamlegea, magoti yakakunjika, akaenda chini na sinia yake.

Akalala pale, macho nusu yamefumba, hana nguvu hata ya kuinua kidole. Wako waliosema kifafa, lakini hakuna povu wala mtikisiko. Wako waliosema anajifanya ili asioshe vikombe. Bi Mwanakheir akasema kuna mtu amemfuata kutoka Tumbatu, na si mtu wa kuonekana. Watu walimruka pale chini wakiendelea kutoa maneno yao kama vile amekwishazikwa. Na mimi, niliyekuwa nikiona jina langu linavunjika pamoja na vikombe, nikainama karibu naye nikasema neno langu moja kwa hasira. Hakulisikia mtu. Baada ya dakika moja, mbili, akainuka mwenyewe, akaanza kuokota vigae.

Basi akaitwa Makungu. Mganga huyu alikuwa na chumba chake Jang'ombe, chenye pazia jekundu na harufu ya ubani ambayo hata nzi haivumilii. Alimkazia macho Sichana, akamwuliza swali moja.

"Ukiwa unaanza kulala, humwoni mtu chumbani?"

Sichana hajui kusema uongo, na hilo si mimi niliyemfunza. Akamjibu kuwa siku nyingine huona mwanamume amesimama mlangoni, halafu huja akamkalia kifuani, na yeye yuko macho kabisa lakini hawezi kugeuka wala kupiga ukelele.

Ikawa kwisha. Makungu akatoa hukumu kuwa huyo ni jini mahaba, mume wa mwanzo kabla ya Masoud. Usiku humkesha, ndiyo maana mchana analala. Akicheka anamwita, ndiyo maana anaanguka. Dawa ni kumridhisha jini kwa haki yake. Haki yenyewe ilikuwa usiku wa kuamkia Jumanne na wa kuamkia Ijumaa mume akalale kwengine, halua ya kila wiki, marashi, udi, na kanzu moja nyeupe ya darizi nyekundu kifuani, ambayo Makungu angeipeleka mwenyewe kuitupa baharini. Halua ya jini iliisha kila wiki, sahani ikarudi imelambwa. Na nyumba ile ikapigwa marufuku ya kucheka. Jirani akija na kisa chake anawekewa kidole mdomoni mlangoni. Naapa, nyumba yenye mtoto mchanga, na mtoto haruhusiwi kuchekeshwa mbele ya mamake.

Na Masoud? Masoud alichukua mto wake akalala ukumbini. Mtu huyu barazani alikuwa hakubali serikali imwamulie bei ya mkate, lakini nyumbani Makungu akamwamulia lini alale na mkewe. Baada ya miezi miwili jini akaomba na Jumamosi. Masoud akampa.

Siku moja ya Jumamosi alasiri Sichana alikuwa anashuka ngazi na Mize mkononi. Dirishani kwa jirani mtu akamtania muuza samaki, Sichana akasikia, akacheka. Akahisi magoti yanaondoka. Aliwahi kujiegemeza ukutani akateleza taratibu mpaka chini, na mtoto akabingirika kwenye jamvi la ukumbini, asipate hata mkwaruzo. Lakini Bi Mwanakheir alikuwa amesimama pale pale. Akamnyakua mtoto akenda naye chumbani kwake akafunga mlango, na tangu saa ile Sichana akawa anampata mwanawe kwa kunyonyesha tu, mama mkwe amemsimamia kichwani.

Nikaletewa habari kuwa Ijumaa baada ya sala wazee wa Masoud watakutana. Masoud atatoa talaka, Sichana atarudishwa Tumbatu, na mtoto atabaki kwa bibi yake. Kadhi mwenyewe, akasema Bi Mwanakheir, hawezi kumpa mtoto mama asiyeweza kumshika.

Nilikwenda kwa Sichana Jumapili asubuhi, na sitadanganya, nilikwenda kumkasirikia. Nilimkuta amekaa juu ya mkeka, mikono imelala mapajani haina kitu cha kushika.

"Nipe sababu moja ya kukutetea," nikamwambia.

"Sina, somo. Ila waambie wasinseme tena nikianguka. Nnasikia."

"Unasikia nini?"

"Kila kitu. Mwili ndio unaokatika, mimi nipo. Bi Mwanakheir aliniruka mara mbili siku ya matanga. Mara ya pili alisema miguu yangu minene. Na Makungu, siku ya kanzu, nilianguka kwa kucheka ile lugha yake ya majini. Akasema kanzu hii itanifaa Sikukuu."

Nikakaa kitako. Mimi nimehudhuria ngoma za pepo tangu kigori. Mtu akipandwa, akishuka hajui alikuwa wapi wala nani alimshika. Ukimwuliza anakutazama tu. Huyu anajua nani alimruka, mara ngapi, na alisema nini juu ya miguu yake. Ndipo kwa mara ya mwanzo nilipoacha ukali nikamwuliza maswali ya mtu mwenye akili. Lini ulianza? Akaniambia tangu ana miaka kumi na nne, chuoni kwa mwalimu wake wa Kurani, ambaye naye alikuwa akimchapa. Usiku je? Usiku nalala, somo, hakuna anayenikesha, huamka mara moja moja tu. Na ukilala mchana kidogo? Nikilala kidogo nakuwa mzima, kisha unarudi.

Nikataka kumpeleka hospitali. Kuomba ruhusa ya hospitali kwa Bi Mwanakheir ni kupoteza pumzi, angesema sindano humkasirisha jini. Kwa hivyo nikamwambia nampeleka kwa mganga mwengine, bingwa, anakaa Mwanakwerekwe mashambani. Akaniruhusu pale pale, na udi akanipa.

Daktari wa hospitali alikuwa Mhindi mwembamba, ameishi Unguja miaka mingi na Kiswahili chake safi. Nilijitayarisha kwa dharau. Nilimweleza usingizi, kuanguka, hata jini na zamu zake, ila yule mwanamume wa mlangoni sikumtaja, nikangoja acheke. Hakucheka. Alimtoa damu kwanza, akasema ahakikishe si malale ya bara wala upungufu wa damu. Tuliporudi Jumatano akasema damu safi, kisha akamkalisha Sichana mbele yake akamwuliza mwenyewe, mimi akaninyamazisha kwa mkono.

"Usingizi unakujia hata ukiwa unakula, unazungumza?"

"Naam."

"Ukicheka sana, magoti yanalegea? Lakini unasikia?"

"Naam, nnasikia."

"Unapoanza kulala, unaona mtu, huwezi kujitingisha?"

Sichana akanitazama mimi. Nadhani alidhani nimemweleza siri ile kabla. "Naam," akasema, na akaanza kulia.

"Mwanangu, huyo mtu hayupo," daktari akamwambia. "Ubongo wako unaanza kuota kabla hujalala sawasawa, na mwili unalala kabla yako. Ni ugonjwa, una jina lake. Nilipokuwa Bombay nilimtibu fundi cherehani aliyekuwa nao. Walikuwa wakimwita mlevi."

Nikamwuliza kama utapona. Akasema hawezi kuahidi hilo, watu huishi nao. Akampa vidonge, kimoja asubuhi kimoja adhuhuri, na akasema arudi kila mwezi amtazame. Kisha akatoa masharti ambayo hata mimi niliyafahamu. Alale kidogo saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, kila siku, wala asionewe haya. Asikae na moto peke yake. Asiteke maji kisimani peke yake. Mtoto amnyonyeshe amekaa chini mkekani, mito pembeni, asimbebe ngazini. Akaandika barua. Tulipokuwa tunatoka akaniita.

"Wakibisha, bibi," akasema, "mwache awaambie walichosema alipokuwa chini."

Ijumaa tukakusanyika. Wanaume walikaa ukumbini, Masoud na wazee watatu, na Simai aliyejialika. Wanawake tulikuwa chumbani, pazia katikati. Makungu aliitwa awe shahidi, amevaa koti limefungwa vifungo mpaka kooni, na joto lile la Unguja. Mize alikuwa mapajani kwa bibi yake.

Nikapitisha barua chini ya pazia. Mzee mmoja akaisoma, taratibu, anakwama kila mstari. Bi Mwanakheir hakungoja amalize.

"Karatasi ya Mhindi itamtoa jini? Jini hasomi!"

Wazee wakakubaliana naye. Masoud akasafisha koo, na sote tukajua linalokuja. Kisha Simai, ambaye hajapata kuvumilia ukimya maishani mwake, akauliza kwa sauti kubwa, "Sasa Masoud, talaka tatu unampa mkeo, na huyo jini naye atamwacha au mtarithiana? Na eda atakaa ya nani, yako au yake?"

Wanaume wakajikaza. Sichana hakuweza. Alicheka, shingo ikamlegea, akalala ubavu juu ya mkeka mbele yetu.

"Mnaona!" Bi Mwanakheir akapiga kelele. "Kaja! Kaja kumchukua mbele yenu!"

Makungu akaingia na chetezo cha ubani, akamwinamia anamung'unya maneno yake. Bi Mwanakheir naye akainama, mtoto mkononi, akamnong'oneza mganga. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwao na sikusikia neno. Sichana alikuwa baina yao, sikio juu.

Tukangoja. Akajongeza vidole, akainua kichwa, akakaa. Alifunga kilemba chake vizuri kwanza. Halafu akasema kwa sauti ya kufika ukumbini:

"Masoud, unanisikia?"

"Nnakusikia," Masoud akajibu nyuma ya pazia.

"Mama amemwambia Makungu sasa hivi, ‘Usimwinue mapema, mwache Masoud aone vizuri.’ Makungu kamwambia, ‘Nilikwambia tangu tulipoongeza Jumamosi, zamu zikizidi Masoud atachoka mwenyewe.’"

Makungu akadakia haraka. "Huyu si yeye anayesema! Ni jini, mwongo huyo, anataka kuwagombanisha!"

"Jini hana haja ya kanzu yake?" Sichana akauliza. "Masoud, ile kanzu ya darizi nyekundu uliyoitoa itupwe baharini. Siku ile nikiwa chini alisema itamfaa Sikukuu. Na leo aliponiinamia nimeuona uzi mwekundu kati ya vifungo. Mwambie afungue koti."

Masoud aliingia chumbani. Hakupiga hodi wala hakuomba ruhusa ya mama yake, akasimama mbele ya mganga. Makungu akasema ana homa, hawezi kufungua koti. Simai akamfungulia, kifungo kimoja kimoja, kwa adabu zote. Darizi nyekundu ikatokea kifuani, na doa la halua karibu yake.

Sitasema aliondokaje. Alisahau chetezo. Wazee waligundua ghafla kuwa wana shughuli nyingine, na mmoja aliondoka akisema yeye tangu mwanzo hakuamini, mzee aliyekuwa akipeleka udi kwa mkono wake.

Masoud akamgeukia mama yake. "Mama, mrudishie mtoto wake," akasema. Hayo ndiyo maneno yake yote siku ile, na kwa mtu aliyekuwa na hotuba za saa nzima juu ya Malkia, yalikuwa machache. Bi Mwanakheir alimtoa Mize kwa mikono miwili, amegeuza uso. Sichana alikaa kwanza chini, akapanga mito, kisha ndipo akampokea.

Wiki ya pili yake nilikwenda kuwatazama. Vidonge vilikuwa vimepangwa dirishani, na Masoud alikuwa amepigilia ubao wa kuzuia mtoto asifike ngazini. Sichana bado alikuwa akisinzia, mara moja moja, na kicheko kikubwa kilimkalisha chini. Lakini nyumba ilikuwa inacheka. Nikakaa naye mkekani, nikawasema wote mmoja mmoja, Bi Mwanakheir, Makungu, wazee, mpaka yule mwalimu wake wa chuoni, nikasema ujinga wao hauna dawa hospitali yoyote. Nilinogewa. Yeye ananyonyesha, ananisikiliza.

Halafu likanijia jambo, nikashindwa kulimeza.

"Siku ya matanga," nikamwuliza, "na mimi ulinisikia?"

Hakuinua uso. "Nilikusikia."

"Nilisema nini?"

"Ulisema, ‘Bora ungekufa mdogo, mimi nisingeaibika.’"

Aliyasema bila hasira, neno kwa neno, na sauti yangu niliitambua. Nilitazama mikono yangu. Kucha zilikuwa zile zile nilizomfinyia.

"Na mbona Ijumaa hukulisema? Ulisema ya kila mtu."

"Nilikuwa nnakuhitaji, somo," akanijibu.

Akamtoa mtoto titini, akanipa mimi, akajinyoosha mkekani akafumba macho, kwa kuwa ilikuwa saa tisa na ndiyo saa yake ya kulala aliyopewa na daktari. Nilikaa pale na Mize mapajani mpaka mamake alipoamka.